Starehe Ndogo Katika Kiangazi cha Maradhi

Uingiapo mwezi wa Juni, mvua hukoma katika nyanda za Biharamulo na Ngara, na kiangazi huanza. Maharage hupurwa, mahindi huanikwa, na mkulima hupata nafasi ambayo hakuwa nayo wakati wa palizi. Katika Nyakahura, kata ya Wilaya ya Biharamulo iliyo kwenye barabara kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo, nafasi hiyo ina matumizi yake yajulikanayo. Ni wakati wa harusi na wa kutembeleana. Ni wakati wa mpira jioni, wa bao chini ya mti, wa mazoezi ya kwaya, na wa rubisi, yaani pombe ya ndizi, katika kibuyu kinachopokezanwa. Mambo hayo ni madogo, wala hayagharimu fedha nyingi. Lakini ndiyo yanayomwunganisha mtu na jirani yake.

Kiangazi cha mwaka 2020 kiliyakuta mambo hayo yote yametiliwa mashaka. Ugonjwa wa virusi vya korona, ambao baadaye ulipewa jina la Kiswahili la UVIKO-19, ulikuwa umeenea duniani kote, na njia yake ya kuenea ilikuwa ni hiyo hiyo ya watu kukutana. Makala haya yanaeleza kwa nini starehe hizo ziliingia hatarini, na kwa nini haikuwa lazima kuziacha zote.

Siku 104 bila kengele ya shule

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa mkoani Arusha. Tarehe 17 Machi Serikali ilifunga shule, na michezo ya hadhara ikasimamishwa. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirudi masomoni tarehe 1 Juni. Wengine wote walirudi tarehe 29 Juni. Tangu kufungwa hadi siku hiyo ya mwisho zilipita siku 104.

Tofauti na nchi nyingi, Tanzania haikuwafungia watu wake majumbani. Masoko, makanisa na misikiti viliendelea. Nyakahura, tena, si mahali pa pembeni: malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita hapo mchana na usiku, na mama lishe pamoja na wachoma mahindi huishi kwa wasafiri hao. Mnamo Aprili na Mei 2020 Rwanda iliweka masharti mapya kwa madereva wa malori mpakani Rusumo, na shida ya ugonjwa wa mbali ikaonekana barabarani kwa macho.

Tangu Mei 2020, kwa zaidi ya mwaka mmoja, idadi za wagonjwa hazikutangazwa nchini. Kwa hiyo mwananchi wa kijijini hakuwa na hesabu ya kumwambia kama hatari imepanda au imeshuka. Alichoweza kuwa nacho ni maarifa ya namna ugonjwa unavyosafiri. Mwenye maarifa hayo aliweza kuchagua. Asiyekuwa nayo aliweza tu kuogopa kila kitu, au kutoogopa chochote.

Hewa ndiyo njia

Kirusi cha korona ni kidogo mno: upana wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hakina miguu wala mabawa. Husafiri ndani ya unyevu utokao kinywani na puani mwa mgonjwa anapokohoa, anapozungumza, anapoimba, au anapopumua tu. Matone makubwa ya unyevu huo huanguka chini karibu na mtu aliyeyatoa. Matone madogo sana huelea hewani kama moshi, na katika chumba kilichofungwa yaweza kubaki humo kwa muda mrefu baada ya mgonjwa kuondoka.

Mfano unaofahamika sana ulitokea nchini Marekani, katika Wilaya ya Skagit, Jimbo la Washington. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walifanya mazoezi ya kwaya ndani ya ukumbi kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baadaye ilionekana kwamba watu 53 kati yao walikuwa wameugua, 33 wakithibitishwa kwa vipimo na 20 wakihesabiwa kwa dalili, wawili walifariki. Wanakwaya wale hawakutenda jambo baya. Lakini mambo manne yalikutana: watu wengi, chumba kilichofungwa, muda mrefu, na sauti zilizopazwa.

Sasa wanakwaya hao hao wafikiriwe wakiimba nje, chini ya mwembe, upepo wa kiangazi ukivuma. Pumzi ya mgonjwa huchanganyika na hewa isiyo na mipaka, na virusi hupungua kwa kila hatua moja. Hatari haiishi kabisa, hasa kwa wanaosimama ana kwa ana, ila hupungua mno. Mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali yalionyesha kwamba maambukizi yaliyotokea nje yalikuwa chini ya sehemu moja kati ya kumi ya yote yaliyochunguzwa.

Kuhamisha starehe badala ya kuifuta

Hapo ndipo kiangazi cha Kagera kilipokuwa na faida yake. Wakati wa mvua watu hujibana ndani. Wakati wa jua ua wote ni sebule. Mchezo wa bao, ambao kwa desturi huchezwa kivulini nje, ulikuwa na hatari ndogo kuliko mazungumzo yale yale katika kilabu cha pombe chenye dirisha moja. Kahawa iliyonywewa barazani, kila mtu na kikombe chake, ilikuwa salama kuliko kibuyu kimoja kilichopita vinywani mwa watu kumi. Harusi yenye turubai lisilo na kuta ilikuwa bora kuliko ukumbi uliojaa. Katika kila mfano starehe yenyewe ilibaki. Kilichobadilika ni mahali, muda, au chombo.

Redio nayo ilipata heshima mpya. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", takriban watu milioni mbili nchini Tanzania walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio ili kujifunza kuhusu maji safi, vyoo, na kujikinga na malaria. Wakati ule nguvu ya redio ilikuwa katika kuwakusanya watu. Mwaka 2020 nguvu yake ilikuwa kinyume: iliwafikishia habari, muziki na masomo watu wasiokuwa mahali pamoja. Familia mbili zilizosikiliza mchezo ule ule wa redio, kila moja uani kwake, ziliweza kuucheka kesho yake kisimani.

Salamu ilikuwa ngumu zaidi. Katika sehemu hizi kumnyima mtu mkono ni sawa na kumwambia kuwa una ugomvi naye. Wengi walianza kugusana viwiko au miguu, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea. Wazee waliendelea kupewa shikamoo yao kwa kichwa kuinamishwa na mkono kuwekwa kifuani. Heshima, ilidhihirika, haikuwa katika kiganja peke yake.

Sabuni, nyungu na malimao

Kirusi cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta. Sabuni huupasua utando huo kama inavyoondoa mafuta katika sufuria, na kirusi huharibika. Ndiyo sababu kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwenye fito ili liinamishwe kwa kamba na mguu, ni chombo cha kisayansi ingawa kimetengenezwa na mtoto. Wakati wa kiangazi, maji yanapopungua, kibuyu hicho hutosheleza watu wengi kwa lita chache, na mnawaji hakigusi kwa mikono.

Nyungu ilienea sana mwaka huo. Chungu cha majani yachemkayo kiliwekwa mbele ya mtu aliyefunikwa blanketi, naye akavuta mvuke. Malimao na tangawizi vilitiwa katika chai. Inafaa kutenganisha faraja na tiba. Kinywaji cha moto hutuliza koo, na kukaa pamoja na anayekutengenezea kinywaji hicho hutuliza moyo. Lakini mvuke hauui virusi vilivyokwisha kuingia katika chembe hai za mwili, na maji ya moto yaweza kumwunguza mtu. Aliyeshindwa kupumua alihitaji hospitali, hata kama nyungu ilikuwa imemburudisha. Kinga ya kitaalamu, yaani chanjo, ilianza kutolewa nchini tarehe 28 Julai 2021.

Ugonjwa mwingine, njia nyingine

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya yamepita, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Wananchi wa Biharamulo hawakupewa muda mrefu wa kusahau. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa mkoani Kagera, safari hii katika Wilaya ya Biharamulo. Miaka miwili kabla, mwaka 2023, ugonjwa huo ulikuwa umewapata watu 9 katika Wilaya ya Bukoba na kuwaua 6. Mlipuko wa Biharamulo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 10, wawili kwa vipimo na wanane kwa dalili na uhusiano wao. Wote kumi walifariki.

Marburg haifuati njia ya UVIKO-19. Virusi vyake hukaa katika popo walao matunda waishio mapangoni, na vikishamwingia mtu hupita kwa wengine kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Dalili huonekana kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi. Hapa kuketi nje kwenye upepo hakumsaidii mtu anayemwosha mgonjwa kwa mikono mitupu. Tendo la hatari si kuimba wala kucheza bao. Ni kumwuguza mpendwa bila kinga, na kumwosha maiti kwa mara ya mwisho.

Hilo ni jambo zito, kwa sababu kuosha maiti si starehe bali ni deni. Familia inayoambiwa isimguse mama yake aliyefariki huambiwa jambo linalokaribia kutowezekana. Wataalamu wa afya wamejifunza kwamba katazo tupu huwafanya watu wazike usiku kwa siri, na maambukizi huongezeka. Palipo na maelezo, na jamaa wakaruhusiwa kusimama kwa mbali, kuomba dua, kutaja jina la marehemu na kutupia udongo kaburini, mazishi hubaki kuwa mazishi. Kanuni ni ile ile ya mwaka 2020: kwanza ijulikane njia ya ugonjwa, kisha desturi ipitishwe kando ya njia hiyo.

Kwa bahati, virusi vya Marburg navyo vina utando wa mafuta. Kibuyu chirizi kilichofaa kwa ugonjwa wa kwanza kilifaa pia kwa wa pili.

Kazi kwa shule

Mwalimu wa hisabati aweza kuonyesha nguvu ya mabadiliko madogo. Ikiwa kila mgonjwa huwaambukiza watu 2, mgonjwa mmoja huzaa wagonjwa wapya 1,024 katika mzunguko wa kumi. Ikiwa, kwa kuhamia nje na kupunguza mikusanyiko, wagonjwa 100 huwaambukiza watu 80 tu, na hao 80 huwaambukiza 64, na kuendelea hivyo, mzunguko wa kumi utakuwa na wagonjwa wasiozidi 11. Wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe na kuichora katika grafu.

Mwalimu wa elimu ya viumbe aweza kufuata moshi. Kijiti kinachofuka moshi kiwekwe katikati ya darasa tupu, kwanza madirisha yakiwa yamefungwa, kisha yakiwa wazi pande mbili. Wanafunzi wapime kwa saa ni muda gani moshi huchukua kutoweka. Pumzi haionekani, lakini hufuata njia ya moshi huo.

Mwisho, kila mwanafunzi aandike starehe tano za nyumbani kwake, na kwa kila moja ajibu maswali manne: Hukutana watu wangapi? Hewa hupita? Hudumu kwa muda gani? Ni kitu gani kinachogusana, kinywa, mkono au damu? Kisha aseme ni lipi kati ya hayo lingebadilishwa iwapo ugonjwa wa hewa ungeingia, na lipi iwapo ungeingia ugonjwa wa kugusana. Majibu hayatakuwa sawa, na kutofanana huko ndiko kunakostahili kujadiliwa darasani.

Milipuko haijakwisha, na Kagera, penye mapango, mipaka na barabara kuu, itaendelea kuwa macho. Kijiji kinachojua njia za maradhi hakitalazimika kuchagua kati ya kuishi na kufurahi. Kitajua lini kihamishe kwaya chini ya mti, na lini kimwite mhudumu wa afya kabla ya mkono wowote kumgusa mgonjwa.