Je, Wajua? Charlotte ilikosa ajira kwa kosa la jimbo

Februari 2016, baraza la jiji la Charlotte, Marekani, lilipiga marufuku kuwabagua wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia hotelini, madukani na kwenye teksi. Mwezi uliofuata, jimbo la North Carolina likaifuta kanuni hiyo. Aprili, kwa kupinga hatua hiyo ya jimbo, kampuni ya malipo ya PayPal ikaghairi kufungua ofisi ya wafanyakazi 400 jijini humo. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA nayo ikahamishia New Orleans mechi yake ya nyota ya 2017. Ajabu, aliyeumia ni jiji lililotetea haki!

Kisa hiki kinaendana na dai la mtaalamu wa miji Richard Florida, ambaye tangu 2002 amekuwa akisema kwamba wabunifu, kuanzia wasanii hadi waunda programu, huvutwa na miji isiyobagua. Ana hoja, ingawa kodi ya nyumba nayo huwahamisha wengi.