KUUNGANISHA UPYA PIKIPIKI YA ZAMANI NYUMBANI

Askari amalizapo kuisafisha bunduki yake huirudisha kila sehemu mahali pake, wala haondoki ikiwa kimesalia hata kipande kimoja. Nidhamu hiyo hiyo yatakiwa kwa mtu ambaye pikipiki yake imefunguliwa yote kwa matengenezo makubwa, na sasa ataka kuiunganisha mwenyewe uani kwake.

Tutoe mfano wa Honda CG125. Pikipiki hii ilianza kuuzwa mwaka 1976, nayo ilikusudiwa hasa nchi zenye barabara mbovu na mafundi wachache. Valvu zake huendeshwa kwa fito za kusukuma, bila ya mnyororo ndani ya injini, kwa hiyo si kazi ngumu kuifungua na kuifunga. Viwanda vya China viliiga injini hiyo, na pikipiki nyingi zilizoletwa Afrika ya Mashariki kutoka huko ni za ukoo wake.

MATAYARISHO

Tandika turubai safi penye mwanga, mbali na jiko na watoto. Vyuma vioshwe nje kwa mafuta ya taa. Petroli isitumike, maana mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu. Bolti na nati za kila sehemu ziwe na kopo lake, nalo liandikwe. Gasketi zote ziwe mpya.

INJINI

Kabla ya kuweka pistoni, ziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi, ili kipete kinachozuia pini yake kisidondokee ndani. Herufi IN zilizo juu ya pistoni zielekee upande wa kabureta. Mianya ya ringi isipangane mstari mmoja. Itenganishwe nyuzi 120. Pistoni na silinda zipakwe oili.

Alama za gea ya krenki na gea ya kemu zikutane sawasawa. Nati za kichwa cha silinda zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa: nafasi yake ni milimita 0.08. Mwanya wa plagi uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Ukisha kutia oili, piga kiki mara kadhaa bila ya plagi, ili oili isambae kabla injini haijawashwa.

MAGURUDUMU NA BREKI

Hapa ndipo wengi hufanya haraka, kwani injini imekwisha na hamu ya kuusikia mlio wake ni kubwa. Lakini injini ikigoma, mtu hurudi nyumbani kwa miguu. Breki ikigoma, huenda asirudi.

Chunguza hasa mkono wa chuma unaoizuia sahani ya breki ya nyuma. Nati yake ikisahauliwa, mara breki ikanyagwapo sahani huzunguka pamoja na gurudumu, gurudumu hukwama, na dereva huanguka pamoja na mkewe au mtoto aliyempakia nyuma. Pini ndogo zinazozuia nati zisifunguke ziwe mpya. Kibanio cha kiungo cha mnyororo kiwekwe upande wake uliozibwa ukitangulia kuelekea mwendo, na mnyororo ulegee takriban milimita 20.

UKAGUZI

Usiiendeshe siku hiyo hiyo. Lala, na asubuhi mwombe mama watoto au kijana wako asome orodha ya nati zote, nawe uguse kila moja kwa spana kabla ya kujibu "tayari". Safari ya kwanza iwe fupi, ya polepole, na ya mtu mmoja. Injini isilazimishwe katika kilomita 500 za kwanza, kisha oili ibadilishwe.

Ndugu msomaji, pikipiki ya zamani iliyofungwa kwa utulivu yaweza kuitumikia jamaa yako kwa miaka mingi. Heri kukawia ukafika.