Kujazia Si Kubadilisha: Maji ya Tangi la Samaki wa Tanganyika

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika ukurasa huu maelezo ya msamiati na sarufi. Safari hii nitazungumzia maji, ingawa habari yenyewe ilianzia katika tafsiri, na tafsiri hiyo niliifanya mimi.

Mzee mmoja wa Rumonge, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa na tangi la kioo la lita 200 dukani mwake. Ndani yake alifuga samaki wadogo wa miambani, wale wenye mkia unaomalizikia kwa nyuzi mbili, ambao wafugaji wa Ulaya wamewapachika jina la binti mfalme wa Burundi. Jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki hai wa ziwa hili kutoka Bujumbura kwenda ng'ambo tangu miaka ya 1970. Watoto wa shule walikuwa wakisimama dirishani kila jioni kuwatazama.

Mzee aliletewa kijitabu cha Kifaransa kuhusu ufugaji wa samaki wa mapambo, akaniomba nimtafsirie ukurasa unaoeleza namna ya kujazia maji yanayopungua. Kijitabu kilihusu matangi ya maji ya bahari yenye matumbawe. Sikulijali hilo, niliona maji ni maji. Nikaandika: "Kila usiku, jazia maji yaliyopungua kwa maji ya chokaa." Maneno yaliyosema "tone kwa tone" niliyaacha nikidhani ni pambo la lugha, na sentensi iliyoagiza chokaa iachwe ituame kwanza niliifupisha mpaka ikapotea.

Siku ya tatu alinipigia simu asubuhi. "Mwalimu, samaki wote wamekufa. Nimefuata karatasi yako." Alikuwa amekoroga chokaa mpaka maji yakawa meupe kama maziwa, akamimina lita tatu kwa mara moja. Alipopima kwa dawa ya matone, rangi ilipita mwisho wa kadi.

Tangu hapo nimejifunza nilichopaswa kukijua kabla ya kushika kalamu.

Kipimo cha pH huonyesha kama maji yana tindikali au yana hali iliyo kinyume chake, yaani ile hali ya magadi ambayo vitabu vya shule huiita besi. Namba 7 ni ya katikati; chini yake ni tindikali, juu yake ni besi. Jambo linalosahaulika ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 9 hayakuzidi kidogo tu yale ya pH 8, yamekwenda mbali.

Maji ya bahari yana pH ya takriban 8.1. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na kaboneti wanazozifyonza majini, na katika tangi dogo vitu hivyo huisha haraka. Tena usiku, mwanga unapokosekana, mimea ya majini haifyonzi kabonidioksidi; hewa hiyo hujilimbikiza na kushusha pH. Ndiyo maana mfugaji wa matumbawe hujazia kwa maji ya chokaa: hurudisha kalsiamu na kuinua pH kwa wakati mmoja. Lakini maji ya chokaa yenyewe yana pH inayozidi 12. Hudondoshwa taratibu usiku kucha, na huchotwa yale maangavu tu yaliyo juu ya tope. Hapo "tone kwa tone" ndiyo amri yenyewe.

Tanganyika ni habari nyingine. Sisi huyaita maji yake maji baridi, na kweli hayana chumvi ya kukolezea mboga, lakini pH yake ya juu ziwani ni kati ya 8.6 na 9.2, kuipita bahari. Sababu iko katika umbo la ziwa. Mto Rusizi huleta kutoka Ziwa Kivu maji yenye madini mengi, hasa magnesiamu na bikaboneti. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, nao hutoa sehemu ndogo. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji yanayotoka ziwani hupanda angani kwa mvuke. (Livingstone na Stanley walipopita mwambao huu kwa mtumbwi mwezi wa Novemba 1871, swali lao kubwa lilikuwa hilo hilo: je, Rusizi inaingia au inatoka? Waliikuta inaingia.) Mvuke haubebi madini. Maji huondoka, madini hubaki, mvua hujazia, na mchezo huo umechezwa kwa muda mrefu sana. Ziwa lenyewe ni tangi linalojaziwa kila mwaka.

Na linajaziwa kwa maji gani? Sehemu kubwa ni mvua. Maji ya mvua safi yana pH ya karibu 5.6 kwa sababu ya kabonidioksidi ya hewani, yaani yana tindikali kidogo, na bado ziwa halishuki. Hapa ndipo wafugaji wengi hujikwaa. Huyapima maji ya kujazia, huona namba ndogo, huogopa, huweka magadi au chumvi za dukani mpaka yalingane na tangi. Lakini tindikali ya mvua ni nyepesi mno. Haina madini ya kuishikilia. Maji ya tangi yana bikaboneti tele, na bikaboneti hiyo huimeza mara moja. Lita mbili za mvua katika lita 200 za maji ya Tanganyika hazitikisi pH kiasi cha kuonekana kwenye kadi.

Kinachoharibu ni kufanya kinyume. Chukua tangi la mzee. Wakati wa kiangazi, upepo ukivuma dukani, linaweza kupoteza lita mbili kwa siku. Kama kila siku anajazia maji ya ziwa, baada ya siku 100 atakuwa ameingiza lita 200 za maji ya ziwa bila kutoa hata tone la madini. Maji yataonekana yale yale, mstari kwenye kioo utakuwa ule ule, lakini madini yatakuwa yamekuwa maradufu. Akiongeza na magadi juu yake, siku hazitafika 100. Wa Bujumbura wasidhani bomba litawaokoa: REGIDESO huvuta maji ya mji kutoka ziwani humo humo, kwa hiyo maji ya bomba pale ni maji ya ziwa yaliyotiwa klorini. Yanafaa kubadilishia, klorini ikishaondolewa, kujazia hayafai.

Lugha yetu ina vitenzi viwili na inafaa tuvitenganishe. Kujazia ni kurudisha kile kilichopaa, yaani maji matupu. Kubadilisha ni kutoa maji pamoja na madini na uchafu wake, kisha kuingiza mengine yenye madini yale yale. La kwanza hutaka mvua, la pili hutaka ziwa. Mimi niliandika "ongeza" mahali pengi katika karatasi ile, neno lisilosema lolote kati ya hayo mawili.

Lakini kwa nini samaki wafe usiku mmoja, ilhali wamezaliwa katika pH 9? Jibu ni amonia, inayotoka katika kinyesi na matamvua yao. Majini huwa na sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine ya sumu, na pH ndiyo huamua ipi itawale. Katika joto la nyuzi 25, kwenye pH 7, sumu haifiki hata sehemu moja kwa mia ya amonia yote. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Kwenye 9.5 ni zaidi ya nusu. Mzee alipomimina chokaa hakuongeza amonia yoyote. Aliigeuza ile iliyokuwamo.

Hesabu hiyo hiyo huwahusu wanaosafirisha samaki. Ndani ya mfuko wa plastiki, samaki hupumua kwa saa nyingi. Kabonidioksidi hujaa, pH hushuka, na amonia iliyolimbikizana hukaa katika sura yake ya upole. Mfuko ukifunguliwa, hewa ile hutoroka, pH hupanda, na sumu huamka. Anayekaa akimiminia mfuko uliofunguliwa maji ya pH 9 kidogo kidogo kwa saa nzima, akidhani anawazoesha samaki, huenda anawaua kwa upole. Ni afadhali kulinganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha kuwatoa samaki kwa wavu bila kuchelewa na kuyamwaga maji ya safari.

Mzee hakunikasirikia, jambo lililoniumiza zaidi. Wakati wa masika alitega pipa chini ya bati, akaacha mvua za kwanza zioshe vumbi la paa kabla ya kukinga. Wavuvi walimletea samaki wengine sita. Karatasi mpya niliyomwandikia imebandikwa ubavuni mwa tangi, na inasema: "Kila asubuhi jazia maji ya mvua mpaka kwenye mstari, bila kutia kitu. Kila Jumamosi toa ndoo mbili, badilisha kwa maji ya ziwa yaliyochotwa mbali na bandari. Chokaa isiingie humu." Kabla ya kuibandika alinisomea kwa sauti, neno kwa neno, akaniuliza kama kuna lililobaki kwenye Kifaransa.