PINGIPONGO: NAMNA GANI KUENDELEA MBELE?



Wengi wametuuliza neno moja: sababu gani mtu anacheza pingipongo miaka mitatu ku meza ile ile, kila siku nyuma ya masomo, lakini mchezo wake unabaki pale pale? Tena yule tunayemwita bingwa hapa kwetu, akienda kucheza pahali pengine, anapigwa na watoto wa mwaka wa pili. Tujaribu kueleza.

Sheria mnazijua, hatutakawia. Meza ina urefu wa metre 2,74, na wavu unasimama santimetre 15,25. Mpira una gramu 2,7 tu. Tangu mwaka wa 2001 seti inahesabiwa mpaka 11, si 21 tena. Wazee wengine wangali wanahesabu 21, na wakija kucheza nasi ni kelele mpaka saa ya chakula.

Shida ya kwanza ni desturi yetu ya meza: anayeshindwa anatoka, anayeshinda anabaki. Meza ni moja, wachezaji ni wengi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anangoja karibu saa nzima, anacheza dakika mbili, anapigwa 11 kwa 2, basi amekwisha, arudi nyuma ya mstari. Katika dakika mbili atajifunza nini? Na yule anayebaki, je? Anacheza sana, ni kweli, lakini na watu wanaomwogopa. Anajua mipira mitatu, na hiyo mitatu inamtosha kushinda. Kwa hiyo hatafuti wa nne. Desturi hii inawaharibu wote wawili, na wasichana zaidi, sababu wengi wao wamechoka kusimama pale wakaacha kuja.

Kucheza mechi na kufanya mazoezi si jambo moja. Katika mechi unapiga mpira unaoujua, sababu unataka pointi. Katika mazoezi unapiga ule usioujua, unaukosa, unaupiga tena, na hakuna anayecheka. Zoezi la kwanza ni rahisi: wawili wanasimama, wanapigiana kutoka pembe hata pembe, pole pole, wakihesabu kwa sauti mpira usianguke. Wakifika 20 bila kukosa, wajaribu 50. Wengine watasema huo ni mchezo wa watoto. Waite hao wanaosema hivyo, wahesabu mbele yenu. Mtaona wengi hawafiki 20.

Nyuma ya hiyo, miguu. Watu wanafikiri pingipongo ni kazi ya mkono, lakini mkono unapiga vizuri kama miguu imefika kwanza. Magoti yakunjwe kidogo, uzito uwe mbele ya nyayo, si ku kisigino, na kila mara ukisha kupiga, rudi katikati. Zoezi hili halitaki hata meza: mtu anaweza kwenda kuume na kushoto katika uwanja, dakika moja, apumzike, aanze tena.

Na servisi. Sheria inasema mpira ukae juu ya kiganja kilichofunguliwa, utupwe juu santimetre 16 kwa uchache, ndipo upigwe ukiwa unashuka. Hapa kwetu wengi wanaupiga ungali mkononi, na hakuna anayesema neno. Pahali penye mwamuzi hiyo ni pointi imepotea, mara moja, mara mbili, na mtu anaanza kugombana. Servisi inaweza kujifunzwa peke yako, na mipira mitano katika kikapu. (Mpira ukibonyea bila kupasuka, utie katika maji ya moto, utavimba tena. Msiutupe.)

Sasa safari. Wengine wanasema safari za michezo ni kupoteza feza na masomo. Tunaheshimu wazo hilo, lakini tutazame mambo yalivyokuwa kwa wengine. Wasuedi walikuwa nyuma ya Wajapani katika mchezo huu. Mjapani Ichiro Ogimura, bingwa wa dunia wa 1954 na 1956, alikwenda Suedi kuwafundisha, na alikaza sana kazi ya miguu na nguvu za mwili. Kisha kijana mmoja wa Suedi, Stellan Bengtsson, alisafiri mpaka Japani kufanya mazoezi kati yao. Mwaka wa 1971, katika mji wa Nagoya, akawa bingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 18, sawa na sisi wa mwaka wa mwisho. Nyuma yake Jan-Ove Waldner alikwenda China katika mwaka wa 1980, angali kijana mdogo, na mwaka wa 1989 Suedi waliwapiga Wachina 5 kwa 0 katika fainali ya timu za dunia. Hawakubaki kwao kujisifu.

Na hapa Afrika? Quadri Aruna wa Nigeria amecheza katika timu za Ureno na Ujerumani, pahali anapokutana na wachezaji wa kila namna. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, 2016, alifika robo fainali, na njiani alimshinda Mjerumani Timo Boll.

Safari inafundisha nini? Inafundisha mpira wa mgeni. Mtu mwingine anaukata kwa chini, mpira unazunguka kinyume, na ukiupiga wazi bila kuinua raketi unaingia katika wavu. Mtu ambaye hajakutana na mpira huo hawezi kuujua kwa kuelezwa. Hatuombi Japani, waalimu wetu. Tunaomba shule jirani, Siku ya Posho moja kila mwezi, kwenda kwa miguu na kurudi mbele ya giza. Na wao waje kwetu.

Afya nayo isisahauliwe. Mtu aliyeshiba bukari asikimbilie meza. Angoje saa moja na nusu. Lakini asiyekula tangu asubuhi asijidai pia, kizunguzungu kitamkamata. Mbele ya kucheza, kimbia kidogo na zungusha mabega na viganja. Kama kiwiko kinauma, pumzisha mkono siku kadhaa. Wengine wanakifunga kitambaa na kuendelea, na maumivu yanakaa miezi. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa, na kila mtu na kikombe chake. Kitambaa cha jasho hakiazimwi, sababu macho mekundu yanapita kwa njia hiyo katika bweni zima. Na anayelala saa tano kwa sababu ya maneno mengi asishangae kukosa mpira kesho yake.

Basi, tumesema na mwalimu wa michezo, naye amekubali kujaribu mpaka mwisho wa muhula. Siku ya Pili na Siku ya Ine, nusu saa ya kwanza, hakuna kuhesabu pointi wala kutoa mtu mezani: wanne wanne kwa zamu, dakika kumi kumi, mkubwa mmoja na wadogo watatu. Nyuma yake, anayetaka mechi acheze mechi kama zamani. Sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka nyuma ya mtihani wa Serikali, na raketi mbili zenye kauchu nzuri zitabaki hapa. Inafaa zibaki mikononi mwa watu wanaojua kuzitumia.

Karatasi ya majina iko ku mlango wa chumba cha kulia. Wa mwaka wa kwanza na wasichana waandike kwanza, mpaka Siku ya Tano saa sita. Wakubwa wataandika nyuma yao.