UZI: "Tunafanywa panya wa maabara!" Maswali ya kuuliza kabla ya kupiga makofi

1/ Hospitali ikitajwa pamoja na utafiti wa dawa, iwe ni baraza la Thika au la Ruiru, utasikia kambi mbili. "Tunafanywa panya wa maabara!" Wengine: "Acheni, hayo ni maendeleo." Zote zinaruka swali la maana: ni awamu gani, na inafanyiwa wapi?

2/ Awamu ya kwanza ni pale dawa inapoingia kwa mwili wa binadamu mara ya kwanza. Watu ni wachache, mara nyingi 20 hadi 100, na kwa kawaida ni wazima. Lengo si kuponya, ni kuona kama dawa ni salama.

3/ Thika inajua utafiti. KEN SHE ilihusisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, Thika, Nairobi na Kisumu. Matokeo ya 2022 yalionyesha dozi moja tu ya chanjo ya HPV inakinga vizuri sana. Lakini chanjo hiyo ilikuwa imeidhinishwa tayari. Hiyo si awamu ya kwanza.

4/ Sasa, kwa nini awamu ya kwanza ifanyiwe hospitalini? London, Machi 2006: vijana sita wazima walipewa dawa mpya, TGN1412, wakifuatana kwa dakika chache tu. Saa chache baadaye hali ikawa mbaya, viungo vikaanza kufeli. Kituo kilikuwa ndani ya hospitali ya Northwick Park, ICU iko hapo hapo. Wote sita waliishi. Ingekuwa kliniki ya mtaani je?

5/ Kwetu, KAVI ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza awamu ya kwanza ya chanjo ya Ukimwi mwaka wa 2001. Kabla ya hapo kulikuwa na vuta nikuvute na Waingereza kuhusu hataza, yaani nani anamiliki uvumbuzi. Ikaisha kwa makubaliano.

6/ Nani anaidhinisha? Kamati ya maadili, pamoja na Pharmacy and Poisons Board. Si mwanasiasa. Lakini Thika Level 5 ni ya kaunti, kwa hivyo mbane MCA. Ile ya Kenyatta University, karibu na Ruiru, ni ya serikali kuu. Hapo mbane mbunge.

7/ Muulizeni hivi:
• ICU iko umbali gani, na usiku kuna daktari?
• Nikiumia, nani analipa?
• Dawa ikifaulu, sisi tutaipata, na kwa bei gani?
• Fomu ya idhini iko kwa lugha ninayoelewa, na naweza kujitoa wakati wowote?

8/ Na hili ndilo gumu: kijana hana kazi, anaambiwa atalipwa kwa muda wake. Idhini yake ni ya hiari, ama ni njaa imeweka sahihi? Kambi zote mbili zijibu hilo.