SINEMA BUBU ILIVYOGEUZA MAASI KUWA SILAHA

Mwezi Juni 1905, mabaharia wa Potemkin, manowari ya mfalme wa Urusi, walikataa kula mchuzi wa nyama iliyojaa funza. Katika vurumai iliyozuka, baharia Vakulinchuk alipigwa risasi akafa. Wenziwe wakashika bunduki, wakawaua baadhi ya maofisa, wakatweka bendera nyekundu na kuelekea bandari ya Odessa, ambako wafanyakazi walikuwa katika mgomo.

Miaka 20 baadaye, serikali ya Kisovieti ilimkabidhi kijana wa miaka 27, Sergei Eisenstein, kazi ya kuyaadhimisha maasi ya mwaka ule kwa filamu. Filamu hiyo ya Potemkin ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow, Desemba 1925.

Siri yake ilikuwa katika mkasi. Eisenstein alikata picha vipande vifupi vifupi na kuviunganisha: buti za askari washukao ngazi kwa hatua moja, uso wa mama apigaye ukelele, kigari cha mtoto mchanga kikiporomoka peke yake. Hasira humshika mtazamaji kabla hajapata nafasi ya kuuliza.

Je, yote yalitokea hivyo? Askari wa mfalme waliua watu wengi Odessa siku zile, lakini mauaji ya pale ngazini, kama yaonyeshwavyo, ni ubunifu. Filamu hukoma pale manowari nyingine zinapokataa kuipiga Potemkin mizinga. Hilo ni kweli. Yaliyofuata hayakuonyeshwa: wakiwa wamepungukiwa makaa ya mawe na chakula, mabaharia walijisalimisha nchini Rumania. Kiongozi wao, Matyushenko, aliporejea Urusi mwaka 1907, alikamatwa akanyongwa.

Watawala waliitambua nguvu ya filamu hiyo. Uingereza iliipiga marufuku hadi 1954. Lakini mwaka 1933 Goebbels, waziri wa propaganda wa Manazi, aliisifu mbele ya watengenezaji filamu wa Ujerumani ili wajifunze ufundi wake. Mkasi uliowatetea wanyonge sasa ulitakiwa na wauaji.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, tuwapelekapo watoto sinema, tusiwakataze kulia wala kushangilia. Lakini taa ziwashwapo, tuwazoeze kuuliza: ni nani aliyekata picha hizi, kwa faida ya nani, na hadithi imekomea wapi?