Gari jipya la dizeli: kipi uguse, kipi uache

Pikapu mpya ya dizeli haijamaliza hata wiki tangu itoke kwa wakala, ushauri umeshaanza kumiminika. Fundi wa mtaani anasema injini imebanwa kiwandani, aifungue kwa kompyuta ipate nguvu. Jirani anasema gari bila ngao na mkonga, lile bomba la kuvutia hewa juu, si gari la safari. Shemeji mwenye shamba Kilombero anataka yaongezwe majani ya springi ili ibebe magunia zaidi. Mwenye gari, aliyetoa pesa ambayo ingejenga nyumba, anafungua kijitabu cha waranti kinachomwambia miaka 3 au kilomita 100,000, kimojawapo kitakachotangulia, na hajui ni lipi kati ya hayo litamfutia haki yake.

Wapo wanaoamini kwamba ukigusa nati moja tu, waranti yote imekufa. Wengine wanaamini gari likishakuwa lako unafanya utakalo na wakala atalipa. Wote wamekosea. Kinachoamua ni chanzo cha ubovu. Ukifunga keria juu ya gari kisha gia boksi ikafa, wakala anayekataa madai yako anapaswa kukuonyesha keria inahusianaje na gia. Ukibadilisha programu ya injini kisha turbo ikapasuka, hapo hutakuwa na la kujitetea.

Marekani jambo hili limo kwenye sheria ya Magnuson-Moss tangu 1975: mtengenezaji hawezi kukunyima waranti kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Wanunuzi wengi wa huku wameisikia kanuni hiyo na wanaikariri mbele ya meneja wa karakana. Haitawasaidia, kwa kuwa ni sheria ya Wamarekani. Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na ndani yake yamo masharti ya ubora ambayo muuzaji wa bidhaa anabanwa nayo. Hiyo ndiyo ya kushika. Na anayeagiza gari jipya kupitia Dubai ili apate unafuu wa bei aulize kabla ya kulipa: mara nyingi waranti ya kule haitambuliki Dar es Salaam, na ukiambiwa hivyo gari limeshashuka bandarini, umechelewa.

Lakini mimi naona tunatumia muda mwingi kuuliza nini kitaharibu waranti, na muda mdogo mno kuuliza waranti yenyewe inatulinda na nini. Soma kurasa za mwisho za kijitabu. Mafuta machafu, maji ndani ya mafuta, kuzidisha mzigo: vyote vimewekwa nje. Na hivyo ndivyo vinavyoua injini za dizeli katika barabara zetu.

Injini ya kisasa ya dizeli hupuliza mafuta kwa mgandamizo unaoweza kupita baa 2,000, karibu mara elfu moja ya upepo uliomo kwenye tairi lako. Pampu inayofanya kazi hiyo haina oili yake ya kujilainisha, inategemea utelezi wa dizeli yenyewe. Ukichanganya dizeli na mafuta ya taa utelezi unapungua, chuma kinasugua chuma, na vumbi la chuma linasafiri hadi kwenye injekta zenye vitundu visivyoonekana kirahisi kwa macho. Hapo hubadilishi kifaa kimoja. Unabadilisha pampu, injekta zote, mabomba, kisha unasafisha tangi. Nchi hii imepambana na uchakachuaji kwa nguvu: mafuta yaliwekewa vinasaba, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake ilingane na ya dizeli na wachakachuaji wakose faida. Hali imekuwa nafuu, lakini anayejaza kutoka kwenye madumu njia ya Mpanda bado anajaza kwa imani.

Maji nayo ni adui mkubwa. Fungua kizibo kilicho chini ya filta ya dizeli baada ya safari ndefu ya masika, kinga kwa chupa ya kioo, iache itulie. Dizeli inapanda juu, rangi ya asali nyepesi. Chini kabisa unabaki mstari mweupe wa maji, wakati mwingine na chembe nyeusi zinazocheza ukiitikisa chupa. Maji hayo yangefika kwenye injekta, yangeleta kutu na kupasua ncha zake, na wakala angekuandikia neno moja kwenye fomu ya madai: mafuta.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho ningemshauri mnunuzi akifunge ni filta ya pili ya kutenganisha maji, kabla ya ngao na kabla ya taa. Hata hii inagusa mfumo wa mafuta, basi isifungwe uchochoroni. Mwombe wakala aifunge yeye, akupe risiti yenye namba ya kifaa na saini. Akikataa, mwambie aandike sababu. Na risiti za vituo vya mafuta zitunze kwenye bahasha ndani ya gari, maana siku ya ubishi huo ndio ushahidi pekee utakaokuwa nao.

Kuhusu programu ya injini, nasema wazi: iache. Toyota ilipoiongezea nguvu injini yake ya lita 2.8 mwaka 2020 hadi farasi 204, haikuishia kwenye kompyuta. Ilibadilisha na turbo. Na gari la gia otomatiki lilipopewa nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 500, la gia za mkono liliachiwa 420. Ikiwa wahandisi waliochora klachi na gia boksi hiyo waliona wajizuie, fundi mwenye kompyuta ya mkononi amejua nini zaidi yao? Tena wengi hudanganywa kwamba programu ya awali ikirudishwa kabla ya sevisi hakuna atakayejua. Kompyuta nyingi za injini huhesabu mara zilipoandikwa upya, na hesabu hiyo haifutiki kwa kurudisha ya zamani.

Chujio la masizi kwenye ekzosi lina hadithi yake. Magari mengi mapya ya mawakala wa huku hayana, ila yanayotoka Ulaya na Japani mara nyingi huwa nalo, na gereji zimezoea kulitoboa. Ni kweli linaweza kusumbua: mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba zaidi ya Hilux, Prado na Fortuner 260,000 ziliuzwa na mfumo wa chujio wenye kasoro. Lakini masizi yanayozuiwa pale ndiyo yanayoingia kwenye mapafu ya mama anayeuza mahindi kando ya barabara. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Chujio likiziba ndani ya waranti, mpelekee wakala alitengeneze kwa gharama yake. Hilo ni jukumu lake, na ukilitoboa unamsamehe deni.

Majani ya springi yanadanganya macho. Gari likiacha kuinama nyuma, unaamini limepata uwezo wa kubeba zaidi. Chesisi, breki na beringi ni zile zile. Tairi kubwa vivyo hivyo: ukitoka 265/65 ya rimu 17 ukaenda 285/70, kipenyo kinakua kwa takriban asilimia 7. Mshale ukisoma 100 wewe unakwenda 107, na breki zinasimamisha gurudumu zito zaidi kwa nguvu ile ile.

Ngao, keria na mkonga havina shida kubwa vikifungwa kwenye matundu ya kiwandani bila kuchomelea chesisi, na kampuni ya bima ikijulishwa. Mkonga ufungwe na anayejua kuziba viungo vizuri, la sivyo vumbi litaingia bila kupita kwenye filta ya hewa. Umeme ndio wa kuogopa. Fundi anayekata waya wa kiwandani ili aunge taa mbili anaacha mahali ambapo maji yataingia, na ubovu wake hujitokeza miezi baadaye upande mwingine kabisa wa gari. Sisitiza waya wa taa utoke moja kwa moja kwenye betri, uwe na fyuzi na rilei yake.

Mawakala nao wana deni kwetu. Kijitabu cha waranti huja kwa Kiingereza cha kisheria, kinakabidhiwa pamoja na funguo mtu akiwa kwenye furaha, na hakuna anayemketisha akamsomea. Kiandikwe kwa Kiswahili. Kiwe na orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, na jina la anayeruhusiwa kuvifunga Mwanza, Mbeya na Arusha, siyo Dar es Salaam peke yake. Na mnunuzi akipewe siku anayoulizia bei, kabla hajalipa hata shilingi moja.